Mkato wa Ubavu wa Kushoto

Samaki aliyekuwamo ndani ya chupa namba 417 hakuwa samaki wa chupa namba 417.

Chupa ilikuwa yenyewe. Kifuniko kilikuwa chenyewe, utepe mwekundu shingoni ulikuwa wenyewe, na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi mdomoni mwa samaki kilikuwa chenyewe. Samaki ndiye aliyekuwa mwingine. Wa kwanza hakujulikana alipo, na ilikuwa Jumanne saa tatu asubuhi. Alhamisi saa nne Profesa angefika kumtazama.

"Umejuaje kwamba si yeye?" Inspekta aliuliza. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alichokiona ni kisamaki chenye urefu wa kidole gumba, cheupe, kimejikunja kama ukucha uliokatwa.

"Afande, wewe una watoto?"

"Wanne."

"Mmoja akibadilishwa usingizini, utangoja kuambiwa?"

Koplo alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mwanamke aliyesema hivyo aliitwa Bibi Chupa na jumba zima la makumbusho, kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akitunza chupa elfu tatu na ushei za samaki wadogo wa maji baridi, wale ambao watu huwafuga sebuleni kwenye matangi ya kioo. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jengo, rafu za chuma pande zote, na harufu ya spiriti iliyokuwa inachoma macho tangu mlangoni. Alibakiza miezi saba kustaafu.

"Wangu alikuwa na rangi ya chai ya maziwa," alisema. "Samaki akikaa kwenye spiriti miaka sitini anageuka hivyo. Wekundu unaisha, buluu inaisha. Huyu mweupe kama chaki, kafa juzi. Halafu tazama alivyojikunja. Samaki wa kazi hulazwa kwanza ndani ya formalini, amenyooshwa kwa pini juu ya ubao, akakakamaa amenyooka kama askari. Ndipo anaingia kwenye spiriti. Huyu katumbukizwa moja kwa moja."

"Umemtoa ukamchunguza?"

"Simgusi. Nimeona sinema za polisi."

"Na huu utepe mwekundu?"

"Hao ndio samaki wa majina." Bibi Chupa alivuta kiti akakaa, kwani hapo ndipo penye raha yake. "Ukitaka kuipa spishi jina, unachagua samaki mmoja. Mmoja tu. Yeye ndiye anayelishika jina. Wenzake wote duniani wanaitwa hivyo kwa sababu wanafanana naye. Siku ukizuka ubishi, watu hawabishani na kitabu. Wanakuja kumtazama yeye."

"Kama lile jiwe la kilo la serikali," Koplo alisema, "la kupimia mizani ya sokoni."

"Mwanangu, umeelewa kuliko mkurugenzi."

"Mkurugenzi anasemaje?" Inspekta aliuliza.

Bibi Chupa aliacha kutabasamu. "Barua yangu ya kufukuzwa ameshaiandika. Ameacha nafasi ya tarehe tu. Alhamisi Profesa akimkuta mgeni ndani ya chupa hii, mimi natoka bila kiinua mgongo. Ufunguo wa chumba hiki ninao peke yangu."

Inspekta aliandika. Alikuwa na daftari dogo na penseli fupi, na aliandika polepole kama mtu anayechonga.

"Nani angemtaka samaki aliyekufa miaka sitini iliyopita?"

"Swali si nani anamtaka. Uliza nani hamtaki." Alisogeza hadubini iliyokuwa mezani. "Pezi la mgongoni lina vijiti ndani yake, kama mbavu za mwavuli. Sisi tunavihesabu. Kitabu cha zamani kinasema samaki wa 417 ana vijiti kumi na kimoja. Mwezi uliopita nilikuwa nafuta vumbi, nikamtoa, nikamhesabu kwa kujifurahisha. Kumi na vinne. Nikarudia mara sita, nikamwandikia Profesa aje ahakikishe. Vitatu vya mbele ni vidogo, vimelala. Mzee aliyekiandika kitabu hakuwa na lenzi ya kuviona."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuna samaki mwingine, wa bwawa lililo nyuma ya tanuri la matofali. Alipewa jina miaka minane iliyopita na Daktari wetu wa ghorofani. Magamba yake na ya huyu ni sawa, mistari sawa, meno sawa. Kilichowatenganisha ni vijiti tu, kwamba wa bwawani ana kumi na vinne. Sasa kama na huyu ana kumi na vinne, hao si spishi mbili. Ni samaki mmoja mwenye majina mawili. Na sheria yetu haina huruma. Jina la kwanza ndilo jina. La pili linakufa."

Simu ya ukutani ililia. Mkurugenzi alikuwa anamtaka juu. Bibi Chupa alimwonyesha Koplo jinsi ya kushika koleo ndogo na jinsi ya kuhesabu kwa kufuata shina la kila kijiti badala ya ncha, akaondoka akijifuta mikono kwenye koti.

Koplo alikuwa na macho mazuri. Alimlaza samaki kwenye sahani ya kioo, akafunga jicho moja.

"Kumi na kimoja, Afande."

"Hakikisha."

"Kumi na kimoja. Hata hivyo vidogo vilivyolala nimevitafuta, havipo."

"Basi aliyemweka huyu alitaka kitabu cha zamani kibaki sahihi," Inspekta alisema. "Hakuiba samaki. Aliiba vijiti vitatu."

Alifungua droo ya kadi, akaitoa ya 417. Chini kabisa palikuwa pameandikwa kwa wino uliofifia: *Nyama kidogo imekatwa ubavuni kwa uchunguzi.*

"Ana mkato?"

"Anao. Chini ya pezi, upande wa kushoto. Mdogo kama punje ya mchele."

"Basi mwizi aliisoma kadi, akauiga." Inspekta alichora samaki kwenye daftari, kichwa kushoto, akatia msalaba palipokatwa. Hakuwa mchoraji. Koplo alitazama akasema inafanana na soksi.

Bibi Chupa aliporudi, alimkuta Inspekta akisoma kitabu cha wageni. Tangu mwezi uliopita walikuwa wameingia watu watatu tu. Daktari wa ghorofani mara mbili, fundi umeme mara moja, na mwenye duka la samaki wa mapambo, mtu aliyejulikana kama Fundi Matangi, mara tatu. Aliyeingia mwisho ni yeye, Ijumaa alasiri.

"Uliwahi kumwacha yeyote peke yake na chupa yenye utepe?"

"Sheria hairuhusu," alisema Bibi Chupa.

Inspekta aliliandika jibu hilo kama lilivyo. Alikuwa ameuliza habari za mama huyu, akajibiwa habari za sheria.

Walipanda ghorofani.

Daktari wa samaki alikuwa kijana wa miaka arobaini, mwenye ndevu chache na kicheko kingi. Meza yake ilijaa picha za eksirei za samaki, mifupa myeupe juu ya weusi. Alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto. Koplo alimkanyaga Inspekta mguu. Inspekta alisogeza mguu.

"Jina lako linakaribia kufa," alimwambia Daktari.

"Nimesikia. Bibi Chupa alikuja kuniambia mwenyewe, anacheka mpaka machozi."

"Halikuumi?"

"Afande, mimi nimewaulia wenzangu majina tisa. Tisa! Mmoja ananinunia mpaka leo. Langu likifa, nitakuwa nimelipwa kidogo tu."

"Ijumaa alasiri ulikuwa wapi?"

"Bwawani, na wanafunzi kumi na wawili na tope mpaka hapa." Alijionyesha kifuani. "Waulize. Mmoja alipoteza kiatu."

Koplo hakuweza kuvumilia. "Daktari, unakata kwa mkono gani?"

"Huu." Aliinua wa kushoto.

"Samaki wa uongo kakatwa kushoto," Koplo alisema, akimtazama Inspekta kama mtu aliyepiga bao.

Daktari aliacha kucheka. "Kakatwa wapi?"

Inspekta alimwonyesha daftari. Daktari aliligeuza, akaligeuza tena.

"Umechora kinyume."

"Nimechora nilichokiona."

"Haiwezekani. Hakuna mtu wa kazi hii anayekata kushoto. Ubavu wa kushoto ndio uso wa samaki. Tukimchora, tunachora wa kushoto. Tukimpiga picha, wa kushoto. Kwa hiyo cha kuharibu chochote, kukata nyama, kung'oa gamba, tunafanyia kulia. Dunia nzima. Mimi ninatumia shoto tangu nizaliwe na bado nakata kulia. Mwanafunzi akikosea hilo wiki ya kwanza, anafukuzwa maabara akanywe soda atulie."

"Kadi haikusema upande."

"Mbona iseme? Wewe kwenye ripoti yako huandika kwamba pingu ulimfunga mtu mikononi?"

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alitazama dari.

"Basi si mtu wa kazi hii," Inspekta alisema taratibu. "Ni mtu aliyemlaza samaki kichwa kushoto kama alivyozoea kumwona kwenye picha, akakata ubavu ulioelekea juu. Mtu anayejua samaki wazima, asiyejua wafu. Na anayejua kuchagua samaki wa jamii nyingine anayefanana naye, dume mwenye vijiti kumi na kimoja." Aliufunga ukurasa. "Daktari, hilo jina ulilompa samaki wako, ni jina la nani?"

Kicheko kilirudi. "Aah! Yule samaki alipatikana na Fundi Matangi, alikuwa anachota maji bwawani. Desturi yetu, mpataji akiomba jina tunamsikiliza. Nilidhani ataomba la mkewe. Akaomba la mama mkwe wake."

Wakiwa njiani kutoka, Inspekta alishuka tena chini, akasimama mlangoni kwa Bibi Chupa bila kuingia.

"Mama, nakisia Ijumaa ulimkaribisha Fundi Matangi chai. Jiko liko mwisho wa ukumbi. Maji yalichemka kwa muda gani?"

Bibi Chupa alivua miwani.

"Dakika nane," alisema. "Birika bovu. Alikuwa analia, Afande. Nilimwambia habari za vijiti nikidhani atafurahi, maana anawapenda hawa viumbe kuliko mimi. Akaanza kulia. Mtu mzima analia mbele yako, utamnyima chai?"

"Ungeniambia asubuhi."

"Ningekuambia, ningekuwa nimejiandikia tarehe kwenye barua."

Duka la Fundi Matangi lilikuwa chumba kimoja kirefu, matangi yamepangwa ukutani safu tatu, pampu zikivuma kama nyuki. Kila tangi alikuwa amelitengeneza mwenyewe, na kila moja lilikuwa na kibao cheusi kidogo ambapo aliandika kwa chaki, kila asubuhi, jina la samaki na idadi yao. Nyuma ya kaunta, kwenye kiti chenye mto, alikaa bibi mmoja mrefu, mnyoofu, mwenye kitambaa cheupe kichwani, akimenya karanga. Juu ya kichwa chake, ndani ya fremu, palikuwa na ukurasa wa jarida: picha ya samaki mwenye mkia mwekundu, na jina la bibi huyo limeongezewa herufi za Kilatini mwishoni.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba. Kama mmekuja kumkamata mkwe wangu mngojeni amalize, ana mkono ndani ya maji."

Fundi Matangi aligeuka. Alikuwa mnene, uso wa mviringo, mkono mmoja umelowa hadi begani. Aliiona sare ya Koplo, akatabasamu vibaya.

"Nilikuwa natania," mama mkwe alisema, akimtazama. "Mbona umekuwa kijivu?"

Inspekta hakuuliza kitu. Alitembea mbele ya matangi akisoma vibao hadi akafika tangi la samaki wadogo wenye michirizi ya buluu, wa umbo lile lile la kwenye chupa. Kibao kilisema: *Kizibao. Madume 6.*

"Koplo, hesabu."

"Hawatulii, Afande."

"Na wewe usitulie."

Koplo alihesabu mara nne, kidole kikiwafuata. "Watano."

"Mmoja amekufa," Fundi alisema haraka. "Sijafuta kibao."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Uongo," alisema mama mkwe, bila kuinua macho kwenye karanga.

"Mama..."

"Afande, samaki akifa humu, nyumba nzima tunajua. Mkwe huyu hali chakula. Anaketi uani kama aliyefiwa na kaka. Ijumaa alikula sahani mbili."

"Hakufa mwenyewe, ndiyo maana," Inspekta alisema. "Uliondoka naye ndani ya kikopo, mzima. Ulikuwa na dakika nane za kumtia kwenye spiriti, kumkata, kumfunga uzi, na kumtoa yule wa zamani. Kazi safi, ila kwa jambo moja. Ulikata kushoto."

"Kadi haikusema upande," Fundi alisema. Alipogundua amesema nini, alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Pampu ziliendelea kuvuma. Koplo alitoa pingu, Inspekta akamwashiria azirudishe.

"Yuko wapi?"

"Nimeshindwa kumtupa. Nilikwenda hadi mtaroni, nikarudi. Samaki wa jina yule, Afande. Miaka sitini ameshika jina, mimi nani nimtupe?" Alifungua kabati chini ya kaunta, akatoa kikopo cha vitamini kilichojaa spiriti. Ndani yake, akiwa wa rangi ya chai ya maziwa, alilala samaki mnyoofu kama rula.

"Kwa nini?" mama mkwe aliuliza.

Fundi aliiambia sakafu.

"Mama, miaka kumi na miwili hukusema nami. Nikija, unageuza kiti. Chumvi unaniomba kupitia mtoto. Nikaomba upewe jina la samaki, mwaka uleule ukaanza kunijibu salamu. Sasa wanasema jina linafutwa. Nikajua kiti kitageuka tena."

Mama mkwe aliweka karanga chini.

"Wewe mtu," alisema. "Mwaka ule binti yangu alijifungua kitinda mimba. Mtoto akatoka na uso wako, tambarare vilevile. Ningefanyaje? Ningemnunia mtoto mchanga?"

"Na samaki?"

"Samaki nilinyamaza kwa adabu. Mwanamume anampa mkwewe samaki mwenye macho yaliyotoka, mkwe aseme nini?"

"Lakini ukurasa umeutundika."

"Umeutundika wewe! Mimi nakaa chini yake kwa sababu kiti ndipo kilipo."

Koplo aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Huyo anayetunza chupa," mama mkwe alimwuliza Inspekta, "ni kweli atafukuzwa?"

"Alhamisi, kama samaki hatakuwa amerudi."

Mama mkwe alisimama, akatikisa maganda ya karanga mapajani. "Mwanamke mwenzangu apoteze kazi ili mimi niitwe samaki. Fundi, vaa viatu. Unakwenda kumpigia magoti, na mimi nakuja kuhakikisha yamefika chini."

Yalifika. Bibi Chupa alimtazama, akamwambia ainuke, sakafu ina spiriti. Kisha akachukua kile kikopo kwa mikono miwili.

Alhamisi saa nne Profesa alifika, mwanamke mdogo mwenye begi kubwa. Alihesabu mashina ya vijiti mara tatu huku chumba kizima kikizuia pumzi. Kumi na vinne. Aliandika, akampa mkono Bibi Chupa, akamwambia mwenye jicho la namna hiyo hawezi kuachwa astaafu bila kufundisha mtu. Mkurugenzi alitafuta mfukoni, akaitoa barua yake, akaichana vipande vinne.

Jioni Inspekta alilijaza jalada. Mahali palipoandikwa *hasara* aliorodhesha mwenyewe, bila kumwachia Koplo. Kizibao dume mmoja, mzima, ameuawa. Jina moja la spishi, lililodumu miaka minane, limekufa. Bibi Chupa, onyo moja la maandishi kwa dakika nane. Fundi Matangi, Jumamosi ishirini na sita za kuosha chupa makumbusho, na mashtaka yatafutwa akizimaliza. Samaki wa 417, vijiti viwili vimevunjika ncha ndani ya kikopo cha vitamini. Samaki aliye hai huotesha pezi lingine. Huyu hataotesha.